Mbona "can" na "can't" za Wamarekani zinasikika sawa? Wanaojua mambo ya sauti saidieni

Taipa_wa_Kahawa

Wasee habari zenu. Mimi hufanya transkripsheni ya online, unapewa rekodi ya mkutano ama mahojiano unaitaipu neno kwa neno, malipo ni kwa dakika ya rekodi, si pesa nyingi lakini bedsitter ya Kahawa West inalipika. Kiingereza nakijua, kukiandika ndio usiseme, lakini kuna sauti masikio yangu yamekataa katakata kuzitenganisha.

Ya kwanza na ndio inaniuma zaidi ni can na can't za Wamarekani. Jamaa anasema "we can't ship it by Friday" mimi nasikia "we can ship it", narudisha nyuma, nasikiza tena, bado ni can tu. Sasa hiyo si mambo ya spelling, hiyo ni kugeuza mkutano mzima, na anayekagua kazi hana huruma, retingi inashuka, na retingi ikishuka unaachiwa zile faili za watu kumi wakiongea pamoja kwa mkahawa na vijiko vinalia. Ikabidi nifungue faili kwa Audacity, ile programu ya kukata sauti, nikavuta karibu mpaka mwisho nikitafuta hiyo t kwa mawimbi. Hakuna kitu! Hakuna mahali unaweza weka kidole useme t ndio hii. Kwani hawaisemi?

Ya pili ni thirteen na thirty, fourteen na forty. Halafu rekodi zilizotoka kwa simu, majina yenye s na f huwa nabahatisha tu. Na ship na sheep. Primary tulifunzwa kwamba ee ni ndefu na i ni fupi, sawa, lakini kuna mama mmoja wa Chicago anaongea polepole anavuta ship yake mpaka inakuwa ndefu kushinda sheep ya mtu mwingine na bado kila mtu kwa huo mkutano anajua ni ship. Wanajuaje?

Sasa nauliza, shida ni masikio, ni hedifoni, ama ni lugha tulizokulia? Nataka mtu anielezee hizi sauti zenyewe zikoje huko kwa hewa, msinipe ile ya "fanya mazoezi utazoea" maana mazoezi nimefanya mpaka basi.

Kamwana_wa_Roysa

Nunua hedifoni ya maana buda, wacha zile za mia mbili za kuuziwa kwa stage.

Isimu_na_Chai

Hedifoni itamsaidia kwa hiyo ya s na f peke yake, na hata hapo ni kidogo. Hayo mengine hata ukinunuliwa ya elfu hamsini utabaki palepale. Wacha nianze na ship na sheep kwa sababu ukielewa hiyo, can't itajileta yenyewe.

Ukisema irabu kuna kazi mbili zinafanyika kwa pamoja na watu huzichanganya. Kazi ya kwanza ni ya nyuzi sauti huko kwa koo, zinapigana, mwanamume wa kawaida kama mara 100 hadi 130 kwa sekunde, mwanamke kama 200 na kitu, na hiyo ndio inafanya sauti iwe nzito ama nyembamba. Lakini hiyo haigeuzi a kuwa i, ndio maana unaweza imba a kwa noti ya juu na ya chini na bado ni a. Kazi ya pili ni ya mdomo na koo vile vimekaa juu ya hizo nyuzi. Ushawahi kujaza jerikeni usiku maji yakirudi na stima imepotea? Huoni ndani lakini unajua imekaribia kujaa kwa sababu mlio unapanda, nafasi ya hewa inapungua na kila ukubwa wa nafasi una masafa yake (yaani mitikisiko mingapi kwa sekunde, huandikwa Hz) unayoyakuza. Mdomo hufanya vivyo hivyo, isipokuwa ulimi unasonga mbele na nyuma, juu na chini, unaigawanya hiyo nafasi, kwa hivyo kunakuwa na masafa kadhaa yanayokuzwa kwa mpigo mmoja. Hayo ndio huitwa formanti. Njia ya sauti ya mwanamume kutoka kwa nyuzi hadi midomo ni kama sentimita 17, na ukiiacha wazi bila kubana popote formanti zinakaa karibu 500, 1500 na 2500 Hz. Gunnar Fant wa Sweden ndiye alizipanga hizi hesabu vizuri, kazi yake ilitoka 1960 na fonetiki ya leo bado inasimama juu yake.

Formanti ya kwanza inafuata ulimi uko juu ama chini, ukiinua ulimi inashuka, ukifungua mdomo ukisema a inapanda. Ya pili inafuata mbele na nyuma, kwa i iko juu sana, kwa u iko chini. Sasa ona. Mwaka wa 1952 Peterson na Barney wa Bell Labs huko Marekani walirekodi watu 76, wanaume, wanawake na watoto, wakisema heed, hid, head, had na wenzake. Heed ndio ina irabu ya sheep, na wastani wa wanaume ulikuwa 270 na 2290 Hz. Hid, irabu ya ship, 390 na 1990. Wanawake njia yao ya sauti ni fupi kwa hivyo kila kitu kinapanda, hid yao ni 430 na 2480. Hapo hakuna mambo ya ndefu na fupi kwanza, hizo ni sehemu mbili tofauti za ulimi kukaa. Urefu upo, sikatai, lakini ni wa pili. Mama yako wa Chicago avute ship mpaka kesho, ulimi wake haujapanda kwenda mahali pa sheep, na Mmarekani mwenzake anasikiza hapo, hasikizi saa.

Kiswahili kina irabu tano na tumezitandaza mbalimbali, hakuna jirani anamgusa mwenzake. Kiingereza cha Uingereza kwa hesabu ya vitabu kina 20, 12 za kusimama na 8 za kuteleza kutoka moja hadi nyingine, na mdomo ni ule ule haukuongezwa vyumba. Sasa sikio lililokulia tano likipata 270 linasema i, likipata 390 linasema i. Si uziwi. Werker na Tees walionyesha mwaka wa 1984 huko Kanada kwamba mtoto wa miezi sita hivi anatofautisha hata sauti za lugha hajawahi kuzisikia nyumbani, akikaribia mwaka mmoja uwezo huo umepungua sana, ashajua zipi zina kazi kwao. Na kuna kitu watu hawasemi hapa Kenya, Dholuo na Kikalenjin zina i mbili, moja shina la ulimi limesukumwa mbele na nyingine limerudi nyuma, si sawasawa na sheep na ship lakini ni majirani. Kwa hivyo kwa hii sauti moja Mjaluo anaanza mbele yetu. Wanaowacheka watu ati wanashrabu wangejua hii.

Taipa_wa_Kahawa

Manze hiyo ya jerikeni imeingia moja kwa moja. Mimi ni Mkamba so hiyo bonasi ya Wajaluo sina. Lakini mwalimu bado hujanipa t yangu, can't je?

Isimu_na_Chai

Umejuaje ni mwalimu 😂 Haya.

T ni kipasuo, mnakumbuka zile za Kiswahili karatasi ya pili, p b t d k g, ghuna (nyuzi sauti zinatikisika) na sighuna (hazitikisiki). Kipasuo maana yake hewa inafungwa kabisa halafu inaachiliwa. Wakati imefungwa kinasikika nini? Kwa t, kimya. Na kimya cha t na kimya cha p na kimya cha k havina tofauti yoyote, ukivikata ukavibandikisha hakuna binadamu atakuambia kipi ni kipi. Habari yote iko kwa mipaka, vile irabu ya kabla inaingia kwa huo ufungo na vile irabu ya baadaye inatoka. Formanti zinapinda. Ulimi uko njiani kwenda kwa ufizi na masikio yanasikia ile safari.

Hii si nadharia ya mdomo tupu. Watu wa Haskins Laboratories miaka ya hamsini, walikuwa New York wakati huo, walitengeneza mashine ya kusoma picha za sauti zilizochorwa kwa rangi, unachora mistari inakuongelesha. Wakachukua mlipuko mmoja mfupi, kama 1440 Hz, wakauweka mbele ya i, watu wakasikia p. Wakauweka huo huo mbele ya a, watu wakasikia k. Mlipuko haukubadilika hata kidogo! Na d wakapata inasumbua vilevile, kwa di formanti ya pili inaingia kwa irabu ikipanda, kwa du inaingia ikishuka, ukichora hizo mbili hazifanani hata kidogo na wewe unaapa umesikia d ile ile. Kwa hivyo ukiingia Audacity kutafuta konsonanti kama kitu kimekaa peke yake utatafuta mpaka uzeeke.

Sasa can't. Mmarekani mara nyingi hiyo t ya mwisho haiachilii. Anafunga tu, wakati mwingine anafungia huko chini kwa koo kabisa, na amemaliza, anaenda kwa neno linalofuata. Hakuna mlipuko ndio maana hukuuona. Wacha t, nenda kwa irabu. Can ya katikati ya sentensi, ile ya "we can ship it", haina mkazo, irabu inamezwa inabaki kitu kama kn, fupi, ulimi umelala pale katikati kwa zile 500 na 1500. Can't ina mkazo na irabu yake inakaa nzima, ile ya had, kwa wanaume wa Peterson na Barney ilikuwa 660 na 1720. Na hapa ndipo mtu wa Nairobi anakwama, kwa sababu sisi can tunaitamka nzima kila mahali, na can't tunaivuta kama Mwingereza, kaant. Basi ukisikia Mmarekani ametoa ile irabu nzima na t haijalipuka, kichwa kinakuambia hiyo ni can yetu. Kumbe kwake hiyo nzima ndio ya kukataa. Ukiisikia vizuri ni can't, akiimeza ni can, andika hivyo kwa ukuta.

Shida inabaki kwa zile can zenye mkazo, "yes I can", ama mtu akibishana. Hapo zote mbili ni nzima. Sikiza n. Ya can inaunguruma inafifia polepole, ya can't inakatwa, kwa Kiingereza chochote kinachokuja kabla ya sighuna ya mwisho hufupishwa. Wengine hata n yenyewe inapotea inabaki irabu ya puani halafu kimya ghafla. Hiyo ghafla ndio t yako.

Ni kitu hicho hicho kwa bead na beat. D ya mwisho wanaiongea bila nguvu karibu iwe t, lakini irabu ya beat imefupishwa, ni kama thuluthi mbili ya ile ya bead. Hapa sasa urefu una kazi, na ni kazi ya kukuambia konsonanti, si kukuambia irabu. Primary walitufunza urefu mahali haukuhitajika wakauacha mahali unahitajika.

Jaribu hii ukiwa na dakika. Jirekodi ukisema "spin", fungua Audacity, kata s yote mpaka pale kimya kinaanza, cheza kilichobaki. Uje utuambie umesikia nini.

Fundi_wa_Mic

Mimi si mtu wa isimu, niko stidio ndogo ya kurekodi matangazo, lakini hiyo ya s na f kwa simu naijua ndani nje kwa sababu kila wiki kuna mtu analeta rekodi ya simu anataka "uisafishe iwe kama redio" na unamuelezea mpaka unachoka. Iko hivi, s ni hewa inakwaruza kwa meno na nguvu yake nyingi iko juu ya 4000 Hz, inaenda mpaka 8000 huko, sh iko chini kidogo inaanza kama 2500, f na th ni dhaifu na zimetawanyika kila mahali hakuna pahali pamesimama. Sasa simu ya kawaida inapitisha 300 hadi 3400 tu, sampuli 8000 kwa sekunde (yaani sauti inapimwa mara 8000), na sampuli 8000 haziwezi beba kitu chochote juu ya 4000 hata ufanyeje, ni hesabu hiyo. Kwa hivyo s inaingia kwa simu ikiwa nzima inatoka imekatwa kichwa, inabaki kelele kidogo dhaifu ya kutawanyika, yaani inabaki f. Sh inapona kwa sababu mwili wake mwingi uko ndani ya ile njia. Ndio maana customer care yeyote anakuspelia jina na "S ya Samuel, F ya Francis", si madoido.

Na EQ, ile ya kupandisha na kushusha bass na treble, hairudishi kitu ambacho hakikurekodiwa, unaweza panda treble mpaka uskie nyoka lakini hiyo unaongeza ni uchafu. Badilisha Audacity kutoka mawimbi kwenda spektogramu, ile picha ya rangi inayoonyesha masafa ya chini hadi juu, ukiona juu ya 4000 kumetulia giza tupu basi hiyo ilikuwa simu, usijiue, weka alama ya haisikiki ama angalia kama jina limetajwa tena mahali pengine. Mikutano ya intaneti huwa pana zaidi ya simu, na zile simu za HD zinafika kama 7000 kwa hivyo s inarudi hai.

Kitu kingine cha kushangaza, sauti ya mwanamume imesemwa hapo juu ni 100 na kitu, na simu inaanza 300, so kwa simu ile sauti nzito ya babako haipiti kabisa. Lakini unaisikia, si ndio? Milio ya juu yake, 300, 400, 500, inapita, ubongo unapiga hesabu ya nafasi kati yao unaweka 100 yenyewe. Huwa naambia watu hii hawaniamini.

Ya mwisho, najua nyinyi watu wa transkripsheni mnapenda kupunguza spidi. Punguza kidogo sawa, lakini ukifika nusu programu inavuta kila kitu sawasawa na ile milipuko midogo ya vipasuo inapakwa inakuwa ukungu. Irabu utaisikia vizuri, konsonanti umeiua. Mimi ningerudia kipande kifupi kwa spidi ya kawaida, hata nusu sekunde, mara nyingi.

BintiPwani_SouthB

Hiyo ya pumzi kwenye vipasuo mbona hamjaigusa na ndiyo thirteen yenyewe. Sisi wa Mombasa tunayo, paa la nyumba na paa yule mnyama si sawa, la nyumba ni kavu, mnyama ana pumzi baada ya p. Nyinyi wa huku bara mwatamka zote kavu halafu mwatuuliza mbona twacheka.

Isimu_na_Chai

Shikamoo dada, umeniokoa, hiyo ndio nilikuwa naifuata.

Lisker na Abramson mwaka wa 1964 walipima kitu kimoja rahisi katika lugha 11, muda kutoka kipasuo kikilipuka hadi nyuzi sauti zianze kutikisika. Kwa Kiingereza p ya mwanzo wa neno wastani ni milisekunde 58, t ni 70, k ni 80. B ni 1, d ni 5, g ni 21. Kwa hivyo tofauti ya pin na bin kwa Mwingereza si ati moja ni ghuna na nyingine si ghuna vile tulikariri, zote mbili mara nyingi nyuzi zimetulia wakati midomo imefungwa, tofauti ni pumzi. Sisi wa Nairobi p yetu ni kavu, iko karibu na b yao, ndio maana ukimwambia mzungu "Peter" kwa simu anaweza andika Beter.

Sasa thirteen. Silabi ya pili ina mkazo kwa hivyo t inapata pumzi, utaona kimya, mlipuko, halafu kipande cha hewa chakavu kabla irabu ianze. Thirty ya Mmarekani haina mkazo hapo, t iko baada ya ile irabu yenye r, na yeye hapo hafungi vizuri, ulimi unagonga ufizi mara moja kama r yetu ya haraka na nyuzi sauti hazisimami hata. Utasikia thirdy. Forty vilevile, na eighty. Fifty usiitegemee kwa hii sheria, f iko mbele ya t na baada ya f ulimi haugongi hivyo, t inabaki t ila haina pumzi kubwa. Na usitegemee mkazo peke yake, kwa sababu "thirteen people" mkazo unarukia mbele kwa thir, ndio unachanganyikiwa. Tafuta pumzi. Ikikosekana, sikiza kama kuna n mwishoni.

Mzalendo_Halisi

Kwani kila siku ni sisi tu wa kujipima na masikio ya wazungu? Wao wakija hapa Ngong wanaita Nagong, Ng'ang'a hawajaribu hata, na hakuna mtu amewahi kuwashushia retingi. Kiingereza cha Kenya ni Kiingereza.

BintiPwani_SouthB

Kaka, hakuna aliyemwambia abadilishe anavyosema. Analipwa kusikia. Kesho akipewa faili la mtu wa Kisumu akiongea Kiingereza, huyo mzungu ndiye atakayekuja humu kuuliza.

Isimu_na_Chai

Na hiyo ya Ngong ni fizikia ile ile. Ng' yao haianzi neno, inakaa mwisho ama katikati, sing, long, wakiipata mwanzoni sikio haliitarajii na ulimi hauendi. Mzalendo yuko sawa kwamba hawalipi gharama yoyote kwa hiyo, lakini hilo ni jambo la nani ana pesa, formanti haina makosa.

Taipa_wa_Kahawa

Wueh. Nimefanya ile ya spin. Nimekata s, imebaki BIN. Sio kama bin, ni bin kabisa, nimeita jirani nikamchezea bila kumwambia akasema bin. Na ni sauti yangu mwenyewe! Sasa hiyo p ilikuwa wapi?

Isimu_na_Chai

Ilikuwa b tangu mwanzo, kwa kipimo cha pumzi. Baada ya s Kiingereza hakiweki pumzi, sikio la Mwingereza likisikia s mbele linaiita p kwa sababu sb haipo kwao. Kuna nyingine kali kuliko hiyo. Chukua "slit", katikati ya s na l weka kimya tupu, kama milisekunde 100, usiongeze sauti yoyote. Utasikia "split". Umetengeneza konsonanti kwa kuweka kimya.

Kamwana_wa_Roysa

Nimeijaribu hiyo ya slit nikiwa kwa mat na earphones za mia mbili, inafanya kazi 😂

Taipa_wa_Kahawa

Sawa mwalimu, la mwisho sitakusumbua tena. Nikitaka kuziona hizo formanti zenyewe na namba zake natumia nini, maana Audacity inanionyesha rangi tu. Na masikio yanaweza funzwa ukubwani ama gari limeshaondoka?

Isimu_na_Chai

Tumia Praat, iliandikwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ni ya bure. Fungua faili, chagua irabu, washa formanti, utaona madoa mekundu yamepanda juu ya spektogramu, weka mshale katikati ya irabu si pembeni kwa sababu pembeni ni ile safari ya konsonanti. Kitu kimoja watu hukosea, kuna mahali pa kuweka kiwango cha juu cha formanti, weka 5000 kwa sauti ya mwanamume na 5500 kwa mwanamke, ukiacha 5500 kwa mwanamume mwenye sauti nzito inaweza kukuunganishia formanti mbili zilizo karibu na namba zitakuwa za ajabu. Na sauti ya juu sana, mtoto ama mwanamke akipiga kelele, usiziamini sana, milio inakuwa mbalimbali mpaka hakuna ya kutosha kuonyesha kilele kiko wapi.

Kuhusu masikio, yanafunzwa. Logan, Lively na Pisoni mwaka wa 1991 walichukua Wajapani ambao r na l za Kiingereza kwao ni kitu kimoja, wakawasikizisha jozi za maneno, unachagua unaambiwa papo hapo kama ni sawa, na wakapanda. Siri ilikuwa kutumia sauti za watu tofauti tofauti badala ya mtu mmoja. Sasa wewe una hazina hapo, rekodi zako zote za zamani. Kata can na can't za watu mbalimbali ambazo zimeshathibitishwa, vipande vya sekunde moja, zichanganye, jipime ukijua jibu mara moja. Asubuhi dakika kumi inatosha. Fanya can't peke yake kwanza, usilete ship na thirteen siku hiyo hiyo.

Taipa_wa_Kahawa

Hiyo Praat iko ya simu?

Isimu_na_Chai

Hapana, kompyuta tu, Windows, Mac na Linux. Ni nyepesi lakini, hata laptopu kuukuu inaibeba.

Fundi_wa_Mic

Na ukikata hivyo vipande vya klayenti vikae kwa mashine yako, usivipakie kwa zile website za bure za kukata sauti. Soma mkataba wako, lazima kuna kipengele cha siri hapo, na hiyo ikikushika retingi itakuwa shida ndogo.

Taipa_wa_Kahawa

Kipo, ukurasa wa pili. Asante, vyote vitakaa kwa laptopu.